Disiki Inakwama: Usikimbilie Kuweka Kizito Juu ya Sindano

Wazazi na vijana, tunawauliza ulizo moja: je, kwenu kungali disiki za zamani? Angalieni vizuri. Pengine ziko juu ya kabati, ndani ya karto, chini ya magazeti. Pengine kambo aliziuza pamoja na radio yake wakati mushahara wa kampani ulikawia. Ao zingali pale, lakini watu mu nyumba wanasema: "Ile haiimbi tena, inakwama." Na kitu chenye kukwama mara nyingi kinatupwa, ao watoto wanakifanya kuwa gurudumu la kuchezea.

Leo tunazungumuza juu ya disiki zenye kukwama, zaidi sana zile zenye kukwama ku platini za madijei. Mu miaka hii disiki za plastiki zimerudi. Huko Ulaya na Marekani vijana wanazinunua tena, na disiki za muziki wa Kongo za miaka ya 1950, 1960 na 1970 zinatafutwa sana na wageni. Hapa kwetu, kijana akipata platini mbili na ampli, anataka kupiga muziki ku ndoa na ku feti za mutaa. Anaenda kuomba disiki za wazee. Siku ya kwanza disiki inakwama, anatafuta feza ya chuma ya zamani na kuiweka juu ya kichwa cha sindano. Disiki inaendelea, watu wanapiga makofi, na kila mutu anawaza kwamba kijana ni fundi. Lakini kile alichoharibu pale hakitatengenezwa tena hata na fundi wa Japani.

Njo maana tunasema tangu mwanzo: disiki yenye kukwama haijakufa. Mara nyingi haiko hata na ugonjwa. Tafuta kwanza sababu, kiisha utengeneze.

KUKWAMA NI KWA NAMNA MBILI

Watu wanasema "inakwama" juu ya mambo mawili yenye kutofautiana kabisa. Ukiyachanganya, utatengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Namna ya kwanza: sindano njo inakwama. Disiki inazunguka vizuri, lakini mwimbaji anarudilia neno moja, anarudilia tena, mpaka mutu asukume mukono wa platini. Hapa sindano imetoka mu njia yake na kurudi nyuma kila mara.

Namna ya pili: disiki yenyewe njo inakwama ku sahani ya platini. Dijei anaweka kidole juu ya disiki ili aisimamishe kidogo, atayarishe mwanzo wa wimbo. Sahani ya chini inapashwa kuendelea kuzunguka wakati disiki imesimama. Lakini disiki inakamata, inavuta kidole, ao sahani yote inasimama. Akiachilia, wimbo unaanza kwa kuchelewa na sauti inavutika sawa mutu mwenye usingizi. Wachezaji wanapoteza hatua, na bibi-arusi anabaki na muguu mumoja hewani.

Tutaanza na hiyo ya pili, kwa sababu ni ya madijei zaidi. Kiisha tutarudi ku sindano, kwa sababu kule njo kunaharibikia disiki za wazee.

KITAMBAA KIMOJA KUTOKA BRONX

Mashini nyingi za kupigia disiki zinatoka ku kiwanda na duara la kauchu juu ya sahani. Kauchu iko na kazi yake: inakamata disiki isiteleze, na inazuia kutetemeka. Kwa mutu mwenye kukaa mu kiti na kusikiliza, ni kitu kizuri. Kwa dijei ni kizuizi, kwa maana yeye anataka disiki iteleze.

Mu muji wa New York, kuelekea mwaka 1970, dijei Francis Grasso alikuwa amekwisha kuzoea kushika disiki kwa mukono wakati sahani inazunguka, na kuiachilia paka ku dakika yenye kufaa. Miaka kidogo nyuma yake, mu mitaa ya Bronx ya muji uleule, kijana mumoja aitwaye Joseph Saddler, aliyezaliwa mu Barbados mwaka 1958, alitafuta namna ya kurudisha kipande kilekile cha wimbo mara nyingi bila kupoteza hatua. Watu wanamujua kwa jina la Grandmaster Flash. Kauchu ilimusumbua. Mama yake alikuwa mushonaji, na yeye alijua vitambaa. Akakamata fetri, kile kitambaa kinene cha kutengenezea kofia, akakikata duara sawa disiki. Lakini fetri ilikuwa laini sana, ilikunjamana. Basi akaitia amidoni, ileile ya kunyoosha kola za shati, akapiga pasi mpaka ikawa ngumu na yenye kuteleza. Akaipa jina la biskuti nyembamba. Leo kila duka la vyombo vya madijei linauza fetri ya namna ile.

Vijana, muangalie jambo hilo. Hakungoja mashini mupya. Alifahamu kwanza ni fasi gani kitu kinakamata, na akatumia kitambaa, amidoni na pasi. Vitu hivyo hata sisi tuko navyo.

Mu miaka ileile kampani ya Japani, Matsushita, ilitosha platini Technics SL-1200, mu mwaka 1972. Ilifanywa kwa ajili ya kusikilizia mu nyumba. Mu mwaka 1979 ikaja ya aina ya Mk2, na hiyo njo madijei wa dunia yote waliifanya kuwa yao. Mutambo wake uko chini ya sahani moja kwa moja, bila mukaba. Kutoka kusimama mpaka mwendo wa 33 inachukua sekonde 0,7 tu. Ilisimamishwa kutengenezwa mwaka 2010, kiisha Technics ikarudi na aina mupya mwaka 2016. Platini za bei ya chini ziko na mukaba wa kauchu kati ya mutambo na sahani. Tofauti hiyo ni ya lazima kuikumbuka, tutaona sasa hivi sababu gani.

MUJARIBU WA KIDOLE

Weka mukono wa platini pembeni, fasi yake ya kupumuzikia. Weka disiki, washa mutambo. Sasa weka kidole kimoja, polepole, karibu na karatasi ya katikati ya disiki, na uangalie ukingo wa sahani. Utaona moja ya mambo matatu.

Jambo la kwanza: disiki inasimama, sahani inaendelea mwendo wake. Basi hakuna ugonjwa. Kama bado inakwama wakati wa feti, shida ni mukono wako: unakandamiza sana. Disiki haiko mukate wa kukanda. Kidole kimoja kinatosha.

Jambo la pili: sahani inaendelea, lakini disiki inavuta kidole kwa nguvu. Basi kitu fulani kinakamata kati ya sahani na fetri. Angalia haya, moja moja:

Je, kauchu ingali pale? Kuna vijana wenye kuweka fetri juu ya kauchu. Haifai. Ondoa kauchu kabisa, fetri ikae juu ya chuma.

Je, sahani ni safi? Vumbi letu jekundu, jasho la mikono na soda ya feti vinafanya gundi. Zima mashini, ondoa umeme, futa sahani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kiisha kwa kitambaa kikavu.

Je, fetri imechakaa? Fetri yenye kuota nywele, yenye kulowa, ao yenye mikunjo haitelezi. Isafishe kwa brosi. Kama ni laini sana, fanya sawa yule kijana wa Bronx: amidoni kidogo, pasi yenye moto kidogo, na kitambaa kimoja juu yake ili isiungue. Ngoja ikauke kabisa mbele ya kuirudisha.

Kama bado inakamata, kuna njia moja ya madijei wengi. Kamata karatasi laini ya plastiki, ile yenye kufunika disiki ndani ya bahasha yake, ao karatasi yenye nta. Kata duara, toboa tundu la katikati, na uiweke CHINI ya fetri, juu ya sahani. Musikosee fasi. Fetri inapashwa kushikamana na disiki na kwenda pamoja nayo. Kuteleza kunafanyika kati ya fetri na sahani. Ukiweka plastiki juu ya fetri, disiki itatangatanga hata wakati hauishike.

Jambo la tatu: ukigusa disiki, sahani yenyewe inapunguza mwendo ao inasimama. Hapa usisumbue fetri. Kama platini yako ni ya mukaba, mutambo wake hauna nguvu ya kazi hii, ao mukaba umelegea. Badilisha mukaba; kama bado, ujue mashini ile ilifanywa kwa kusikilizia, haiko ya kazi ya dijei. Kama ni ya mutambo wa moja kwa moja na sahani inasimama kwa kidole kimoja tu, mupelekee fundi.

TUNDU LA KATIKATI

Kuna sababu ingine ambayo watu wengi hawaiwazi. Zima mutambo. Weka disiki, uizungushe kwa kidole. Je, inashuka mpaka chini bila kusukumwa? Kama unailazimisha kuingia ku musumari wa katikati, basi tundu ni dogo na musumari njo unaikamata. Fetri hata ya dhahabu haitasaidia.

Angalia kwanza ukingo wa tundu. Mara nyingi kuna kipande kidogo cha karatasi ao cha plastiki kilichobaki tangu kiwanda. Kiondoe kwa kidole. Kama haitoshi, kunja kipande cha karatasi ya msasa laini, kiwe sawa kalamu, kiingize ndani ya tundu, ukizungushe mara mbili ao tatu, kiisha ujaribu. Usitumie kisu wala makasi. Ukipanua zaidi, disiki haitakaa tena katikati, na wimbo utapanda na kushuka kila muzunguko. Futa unga wote mbele ya kugusisha sindano. Na tafadhali, jambo hilo usilifanye ku disiki ya zamani yenye bei ao yenye kupatikana kwa shida. Ile haina lazima ya kuteleza.

WAKATI WA UKAVU

Mu Katanga yetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa ni kavu na vumbi ni nyingi. Utaona fetri inanyanyuka pamoja na disiki wakati unaiondoa, na nywele za mukono zinasimama. Huo ni umeme mudogo wenye kuzaliwa wakati plastiki inasuguana na kitambaa. Hauna hatari kwako, lakini unafanya mambo mawili: fetri inakamata disiki na kuanguka fasi haifai, tena disiki inavuta vumbi yote yenye kupita mu nyumba.

Mbele ya kuanza, futa fetri kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, ngoja ikauke. Wakati wa kubadilisha disiki, shika fetri kwa kidole cha mukono mumoja, nyanyua disiki kwa mukono mwingine. Usisugue disiki na shati lako ili ing'ae. Kusugua kwa kitambaa kikavu njo kunaongeza umeme ule.

SASA SINDANO YENYE KURUDILIA

Disiki ya plastiki iko na mufereji mumoja tu ku kila upande, wenye kuanzia pembeni na kuzunguka mpaka katikati. Ni mwembamba kama unywele. Sauti yote, gitare na kilio cha mwimbaji, ni mawimbi madogo yaliyochongwa ku kuta za mufereji ule. Sindano inapita kati, inatikisika, na ampli inafanya kutikisika kule kuwa sauti.

Wakati sindano inakwama, inaruka ukuta mumoja na kurudi ku muzunguko uliopita. Unaweza kuijua kwa kuhesabu. Disiki ya 33 inachukua sekonde 1,8 kwa kila muzunguko. Ya 45 inachukua sekonde 1,3 hivi. Zile nzito za 78 hazifiki sekonde moja. Kama neno linarudi ku mapimo hayo, sindano imerudi nyuma muzunguko mumoja.

Ulizo la kwanza: je, inakwama kila mara fasi ileile? Basi shida ni ya disiki. Je, inakwama ku disiki nyingi, leo hapa, kesho pale? Basi shida ni ya platini. Ulizo hilo moja linaokoa disiki nyingi.

Kama ni disiki: kamata taa na, kama iko, kioo cha kukuzia. Angalia fasi ile. Mara nyingi ni chembe ya muchanga, tone la buji, ao mafuta ya vidole. Isafishe namna hii. Ondoa vumbi kwanza kwa brosi laini na safi, kwa kufuata muzunguko wa mifereji, hapana kukata njia. Kiisha, kwa disiki ya plastiki, kamata maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongeza mu betri ya motokari, lakini hakikisha ni maji tu, haiko asidi. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea sahani. Pitisha kitambaa laini kwa kufuata muzunguko, bila kulowesha karatasi ya katikati. Suuza kwa maji safi ya namna ileile. Simamisha disiki mu kivuli ikauke. Hapana jua, hapana petroli, hapana diluan, hapana sabuni ya unga.

Kama ni mukwaruzo wenyewe, kuosha hakutauondoa. Disiki ile inaweza kusikilizwa kwa kumusaidia sindano kuvuka fasi ile, na kunaswa sauti yake mara moja. Lakini usiipeleke ku feti.

Kama ni platini: futa ncha ya sindano kwa brosi ndogo, kutoka nyuma kwenda mbele. Angalia kama meza ni sawa. Omba nivo ya mwashi, uiweke juu ya sahani. Platini yenye kuinama inavuta mukono upande mumoja. Angalia kama mukono unatembea bila kukwaruza. Angalia kama bafle haiko ku meza moja na platini, kwa sababu besi inatetemesha meza na kurusha sindano. Hata groupe ya umeme, ikiwekwa karibu, inafanya vilevile.

Kiisha, sawazisha uzito. Zungusha kizito cha nyuma mpaka mukono uelee wenyewe, haushuki wala haupandi. Weka namba ku 0. Sasa zungusha mpaka hesabu ambayo kiwanda cha sindano kiliandika. Sindano nyingi za kusikilizia mu nyumba zinaomba gramu 1,5 mpaka 2. Za madijei zinaomba zaidi. Nyingi ziko karibu na gramu 3. Kile kifungo chenye kuzuia mukono usivutwe katikati, kiweke sawasawa na uzito ule, kiisha ujaribu.

SABABU GANI FEZA YA CHUMA INAUA

Sasa fahamu hesabu. Senti moja ya Marekani ya leo iko na gramu 2,5. Ile ya senti tano iko na gramu 5. Kama sindano yako inaomba gramu 2 na unaongeza gramu 5, umeizidisha zaidi ya mara tatu. Sindano ni almasi. Disiki ni plastiki laini. Uzito wote unakaa ku ncha ndogo sana ya almasi, na ncha ile inakandamiza mawimbi ya mufereji. Sauti ya juu njo inakufa kwanza: matari, kamba nyembamba za gitare, herufi "s" mu kinywa cha mwimbaji. Disiki haikwami tena, ni kweli. Lakini kila mara inaimba, inapoteza kidogo. Tena kizito kinaweza kulegeza chuma chembamba chenye kubeba almasi, na kichwa kinasugua disiki.

Feza ile haitengenezi kitu. Inaficha ugonjwa. Ni sawa kumufunga mutoto kinywa ili asikohoe.

DISIKI ZA KAMBO HAZIKO ZA KUKWARUZA

Tunafika ku jambo lenye kutuhangaisha zaidi. Mu mwaka 1952, Hugh Tracey, mutu aliyezunguka Afrika kwa kunasa muziki wa wenyeji, alimukuta Mwenda Jean Bosco, muzaliwa wa Bunkeya, mu muji wa Jadotville, ndio Likasi ya leo. Alinasa gitare yake, na wimbo "Masanga" ukasambaa kwa disiki mbali na Katanga. Bosco alikufa mwaka 1990, lakini wapiga gitare wa inchi nyingi wangali wanajifunza vidole vyake kwa kusikiliza. Wanajifunza kwa sababu kuna disiki ambazo mutu alizichunga.

Lakini fikiria kuhusu nyimbo zingine, za wapigaji wadogo wa kambi za wafanyakazi, ambao hakuna mugeni aliyewaandika mu kitabu. Nyimbo zingine kama hizo hazina nakala mu intaneti. Disiki moja yenye kukaa mu karto kwenu inaweza kuwa kati ya chache zenye kubaki. Ukiipiga na feza ya chuma juu yake, unafuta sauti ya mutu.

Kwa hiyo tenganisheni disiki mu mafungu matatu.

Fungu la kwanza, disiki nzito za 78, nyeusi, zenye kuvunjika sawa sahani ya udongo. Nyingi kati yake zilifanywa kwa shelaki, utomvu wenye kutoka kwa mududu. Hizo musizisafishe kwa alkoli hata kidogo, kwa sababu alkoli inayeyusha shelaki. Tena musizipige kwa sindano ya disiki za 33 na 45. Mufereji wake ni mupana, unaomba sindano kubwa zaidi. Sindano ndogo inatangatanga chini yake, na watu wanasema "inakwama". Technics Mk2 haina mwendo wa 78. Disiki hizo si za dijei.

Fungu la pili, disiki za 45 na za 33 za wazee. Ziosheni, zisikilizeni kwa sindano nzuri, na mufanye nakala ya sauti ku ordinateri, kwa waya kutoka ku ampli. Ku feti pigeni nakala. Dijei wa leo anaweza hata kutumia disiki za pekee zenye kuongoza ordinateri. Kampani Serato ilianza kuuza za namna hiyo mwaka 2004. Vidole vinacheza juu ya disiki ya kuongoza, na wimbo wa kambo unatoka bila disiki ya kambo kuguswa.

Fungu la tatu, disiki mupya ao zenye kupatikana kwa wingi. Kwa hizo, kijana afanye mazoezi yake ya kurudisha na kukwaruza. Kurudisha sindano nyuma na mbele fasi moja kunachimba mufereji na kuleta kelele. Madijei wote wanajua hivyo, njo maana wengi wananunua disiki mbili za wimbo mumoja.

NENO KWA WAZAZI NA KWA VIJANA

Wazazi, mutoto akikuja kuomba disiki, musimukatalie tu na kufunga kabati. Disiki yenye kufungiwa mu vumbi na mu joto inaharibika pia. Zisimamisheni wima sawa vitabu, mbali na dirisha lenye jua, mbali na ukuta wenye maji wakati wa mvua. Musizilaze moja juu ya ingine, zinainama. Na disiki iliyoinama inarusha sindano. Kiisha mukae na mutoto, mumuambie nani anaimba, ni mu mwaka gani muliinunua, mulikuwa ku kambi gani. Aandike ku karatasi na kuiweka ndani ya bahasha. Disiki isiyo na historia ni rahisi kuuzwa kwa bei ya soda. Wanunuzi wanapita mu mitaa, na wengi wanajua bei yake kuliko sisi.

Vijana, mukipewa disiki ya muzee, muiombe kwa heshima na muirudishe siku muliyoahidi. Mushike pembeni na ku karatasi ya katikati, hapana ku mifereji. Mukisema, "Kambo, disiki yako inakwama," musiache neno pale. Mumuambie sababu gani inakwama, na ni nini mulifanya. Muzee ataona kwamba hamukuja kucheza tu.

Na kabla ya ndoa yoyote, mufike saa moja mbele. Pimeni nivo ya meza. Sogezeni bafle. Jaribuni kila disiki kwa kidole na kwa tundu la katikati. Safisheni sindano. Sawazisheni uzito na muandike hesabu yake ku karatasi ndogo, muibandike ku platini. Kama kati ya feti disiki moja inakwama, iondoeni, muweke ingine, muendelee. Watu watasahau wimbo uliokatika kwa dakika moja. Lakini mufereji ulioharibika hausahau.